Kutia nanga Ngazija: kina kinaporomoka karibu na ufuko

Msafiri_wa_Kusi
Salaam wadau. Julai natoka Maore (Mayotte, iliyo chini ya Ufaransa) kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komori, kwa tanga, nikipitia Nzwani na Mwali. Chombo kina mita 11, mkuku (uti wa chini wa chombo) unashuka mita 1.8 majini, na nina mnyororo wa milimita 10, urefu mita 60. Mnyororo huo utatosha Ngazija? Ramani inaonyesha kina kirefu karibu kabisa na nchi kavu.

Bildi
Utatosha ukipata kina cha mita 8 hadi 10, zaidi ya hapo mashaka. Maore ni kisiwa kikongwe kilichodidimia, mwamba wa matumbawe umebaki mbali na ufuko na ndani yake kuna maji tulivu. Ngazija bado kichanga: mteremko wa volkano ya Karthala (mita 2,361) unaendelea vilevile chini ya bahari, na mwamba wake ni mwembamba.

Hesabu kina cha maji yakijaa, siyo unachokiona unapofika. Wakati wa bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) maji hupanda zaidi ya mita 3. Ukitia nanga penye mita 8 maji yakiwa yametoka, yakijaa ni 11, na omo (sehemu ya mbele ya chombo) iko mita 1 juu ya maji. Jumla 12, kwa hiyo mita 60 za mnyororo ni mara tano tu ya kimo hicho. Usiku wa upepo usikubali pungufu ya hapo.

Ingia kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, jua likiwa nyuma yako. Tahadhari: mchanga mweusi na jiwe la lava ukiwa juu vinafanana. Paka grisi chini ya bildi (timazi ya kupimia kina), ishushe. Ikirudi na chembe nyeusi zinazong'aa, huo ni mchanga. Ikirudi safi au imekwaruzwa, ni jiwe; sogea.

Demani
Naongezea alichosema Bildi. Funga kamba kwenye kisigino cha nanga, ncha ya pili iwe na chilezo (boya). Ncha ya nanga ikiingia chini ya ubao wa lava, ukivuta kwa mbele unazidi kuikaza. Kamba hiyo huitoa kinyumenyume.

Na upepo usikudanganye. Magharibi ya Ngazija mlima unakinga kusi (upepo wa kusini), utaona shwari. Ukifika rasi, upepo unatoka kwa kishindo, kwa hiyo punguza tanga kabla hujatoka kivulini. Usiku upepo wa nchi kavu hushuka mlimani na chombo hugeuka. Hakikisha duara lote la kuzunguka lina maji, siyo upande mmoja tu.

Msafiri_wa_Kusi
Ahsanteni sana. Na Mwali?

Demani
Visiwa vidogo vya Nioumachoua vimo ndani ya hifadhi tangu 2001, kwa hiyo uliza kwanza pa kufunga chombo, na usitupe nanga juu ya matumbawe hata kwa nusu saa. Mnyororo ukizunguka huyavunja yote unayoyafikia. Kusi likiwa kali, kaa kaskazini ya kisiwa, mawimbi yavunjikie upande wa pili. Muhuri wa kutoka Maore usisahau, Komori ni nchi nyingine.