Mrejesho: Hatuhami kutoka UniVerse, ripoti tu ndizo zimehamia PostgreSQL

Wakuu, niliuliza kama tuhamishe mfumo wa stoo ya vipuri kutoka UniVerse (kanzidata ya familia ya Pick, ambapo sehemu moja ya rekodi hubeba thamani nyingi) kwenda PostgreSQL (kanzidata ya majedwali). Asanteni sana kwa ushauri. Tumeamua kubaki. Oda yenye bidhaa 40 inakaa kwenye rekodi moja, kila thamani ikitengwa na nyingine kwa herufi maalum yenye namba 253. Kwenye kanzidata ya majedwali ingegawanywa kwenye majedwali mawili, kisha iunganishwe kila inaposomwa. Leseni si tatizo kubwa, kazi ipo kwenye kuandika upya programu zetu za miaka mingi, zilizoandikwa kwa BASIC, lugha ya programu ya UniVerse.

Ila aliyesema mafundi wa Pick ni adimu alisema kweli. Wetu anakaribia kustaafu, na hilo linaninyima usingizi. Kijana mmoja ameanza kujifunza kwake. Ripoti tunazitoa PostgreSQL, data inanakiliwa kila usiku.