"Mahitaji ya chini" ya gemu hii ni uongo, wenye VRAM 4GB tumeingizwa mjini

Wakuu, leo nina hasira. Kwenye ukurasa wa gemu, safu ya mahitaji ya chini, imetajwa kadi ya picha ileile niliyonayo, ya daraja la chini yenye VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) 4GB. Nikalipa, nikapakua mzigo wote ule. Haichezeki!

Siri iko kwenye maandishi madogo chini ya jedwali: 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), fremu 30 kwa sekunde, kila kitu kwenye Low, tena FSR, ile teknolojia ya AMD ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, ikiwa imewashwa. Kwa hiyo hiyo 1080p ni jina tu. Ukiweka FSR kwenye Performance, kadi inachora 960 kwa 540 halafu picha inavutwa ijaze skrini. Robo ya pikseli! Nyaya za umeme zinametameta, majani yamekuwa ukungu, nywele za mhusika kama brashi ya kusugulia sakafu.

Hata hilo ningelimeza. Kinachoniua ni VRAM. Ikishajaa, teksicha (picha zinazovikwa kuta na vitu) zinasukumwa kwenye RAM ya kawaida, na kila zikihitajika lazima zipite kwenye sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa. Kumbukumbu ya kadi, hata hizi zetu za wanyonge, inapitisha zaidi ya gigabaiti 100 kwa sekunde. PCIe 3.0 yenye njia 16 inaishia karibu 16, na kuna kadi za daraja hili walizozifunga njia 4 tu, yaani karibu 4 kwa sekunde. Ndiyo maana ukigeuza kamera pale sokoni ndani ya gemu, inaganda, halafu inaruka, na adui ameshakumaliza. Kaunta ya fremu bado inakuambia wastani ni 34, eti uko vizuri. Wastani gani? Fremu moja ikikwama nusu sekunde, zile zinazokimbia baadaye zinaifunika.

Nimeshusha teksicha mpaka mwisho, nimefunga kivinjari, nimeweka draiva mpya. Ukuta wa matofali sasa ni uji na bado inaganda.

Na msije na habari ya kuwasha fremu za kubuni, zile zinazopachikwa katikati ya fremu za kweli. AMD wenyewe wanashauri uwe na fremu 60 za kweli kwanza. Ningekuwa nazo ningefungua uzi huu?

Nikaomba hela yangu. Jibu: nimepitiliza muda wa kucheza unaoruhusiwa. Muda wenyewe sehemu kubwa nimeutazama mstari wa kuandaa sheda (programu ndogo za kuchora mwanga na rangi) ukitambaa, na ule nao wanauhesabu kuwa nilikuwa nacheza!

Wenye 4GB wenzangu, kuna yeyote anayepata fremu 30 pale sokoni bila kuganda? Taja kadi, draiva na mipangilio yako. Wale wa "nunua kadi nyingine" piteni tu, yangu wameiandika wenyewe kwenye orodha yao.