Nani aliliua gari la MGB: sheria za Marekani au kampuni iliyolitengeneza?

Wakuu, kila MGB, gari la michezo la Uingereza lenye nembo ya MG, linapotajwa hoja huwa ile ile: lilikuwa zuri, Wamarekani wakaleta sheria za usalama na za moshi, likafa. Nasema hapana. Lilinyimwa matunzo nyumbani kwao.

MGB lilitoka mwaka 1962 katika kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, chini ya meneja John Thornley na mhandisi Syd Enever. Viti viwili, paa la turubai, injini ya cc 1798 yenye nguvu za farasi 95. MGA lililolitangulia lilikuwa na bodi iliyofungwa juu ya chesisi. Kwa MGB bodi yenyewe ndiyo iliyobeba kila kitu, ndiyo maana lilikuwa fupi zaidi kwa nje na bado likawa na nafasi zaidi ndani. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, mengi yakaenda Marekani.

Sheria iliumiza, hilo silikatai. Mwishoni mwa 1974 bampa za kromu ziling'olewa, zikawekwa nyeusi nene, na gari zima likainuliwa kama sentimita 4 ili litimize kimo cha bampa kilichotakiwa na sheria. Magari ya Marekani yakabakiwa na kabureta moja badala ya mbili, nguvu ikashuka chini ya farasi 70.

Lakini tazameni kampuni iliyomiliki MG, British Leyland, ilifanya nini wakati huo huo. Baada ya kuliinua gari, iliacha kufunga stabilaiza ya mbele kama kifaa cha kawaida. Gari limeenda juu, halafu chuma kinacholizuia kulala kwenye kona kinatolewa! Dereva akikata kona kwa kasi, bodi yote inalalia upande mmoja. Mwaka 1976 wakairudisha, wakaongeza na ya nyuma, gari likatulia. Sheria ipi ya Marekani iliwaagiza waitoe? Huko kulikuwa kubana matumizi tu, na mteja ndiye aliyeumia.

Kisha kuna injini. Kampuni ilikuwa na V8 ya Rover, ya cc 3528, nyepesi kwa bodi yake ya alumini. Mwaka 1973 waliifunga kwenye MGB GT, lile la paa la bati, likakimbia hadi kilomita 200 kwa saa. Yalitoka 2,591 tu, mradi ukafungwa 1976, na Marekani, soko lao kubwa kuliko yote, hayakuuzwa rasmi hata siku moja. Mrithi naye aliwahi kuandaliwa: EX234, bodi yake ikachorwa na Pininfarina, wabunifu wa magari wa Italia. Likawekwa kando.

Pesa zilikwenda kwa Triumph TR7, gari jingine la michezo la kampuni hiyo hiyo. Leyland ilikuwa ikimiliki Triumph kabla ya muungano wa 1968 ulioiletea MG, na mtoto wa nyumbani akapendelewa. TR7 lilianzia Speke, Liverpool, likahamishiwa Canley, likahamishiwa tena Solihull. Viwanda vitatu kwa gari moja, huku Abingdon, kiwanda kilichosifika kwa maelewano mazuri na wafanyakazi, kikiunga injini ile ile ya 1962.

Najua mtaniletea hoja ya pauni, na hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Oktoba 1976 pauni ilikuwa chini ya dola 1.70, Oktoba 1980 imepita 2.40. Gari linalouzwa kwa dola na kulipiwa mishahara kwa pauni lingepata wapi faida? Hata TR7 lilikufa 1981. Nakubali pauni ilimalizia kazi. Ila gari lililofanyiwa maboresho kwa wakati wake lingepandishwa bei na mteja akalipa. Lenye injini ya miaka 18 lingepandaje?

Septemba 1979, wafanyakazi wakiwa katika sherehe za miaka 50 ya MG hapo Abingdon, kampuni ilitangaza kuwa gari hilo litaondolewa. Kundi lililoongozwa na Alan Curtis wa Aston Martin lilijaribu kuinunua MG, likashindwa. MGB la mwisho lilitoka Oktoba 1980.

Miaka 9 baadaye Mazda wakaleta MX-5: viti viwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma yakisukuma, paa la turubai. Wamarekani, kwa sheria zao zile zile, wakaligombania. Anayeshikilia kuwa sheria ndiyo muuaji anieleze Mazda walipitia mlango gani.