Mjadala: Utafiti wa maabara uwe wa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, siyo wa vipanga peke yao

Wakuu, kuna hoja naisikia sana kwamba utafiti ni wa masta na PhD, na kama lazima digrii ya kwanza waguse basi wachaguliwe wachache wenye GPA kubwa. Nakataa kabisa.

Marekani kuna programu inaitwa SEA-PHAGES, ilianza 2008 chini ya Howard Hughes Medical Institute na Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mtu ndo kwanza kaingia chuo anaambiwa kachote udongo popote, atafute humo faji, yaani virusi wanaoua bakteria. Anaotesha Mycobacterium smegmatis kwenye sahani, ni ndugu wa bakteria wa TB ila huyu hana shida, anachanganya na maji ya ule udongo, baada ya siku moja mbili akiona vidoa angavu kwenye utando wa bakteria ujue bakteria wameliwa hapo. Faji ni wake, anampa jina, anasoma jeni zake, na hakuna mwalimu mwenye jibu mfukoni.

Na msiseme hayo ya wazungu. Durban, Afrika Kusini, 2010 mwanafunzi alipata faji chini ya bilinganya lililooza, akaitwa Muddy. 2019 ikatangazwa kwamba huko London binti wa miaka 15 aliyepandikizwa mapafu, bakteria sugu wameshinda kila dawa, kapewa mchanganyiko wa faji watatu, Muddy mmojawapo, vidonda vyake vikaanza kufunga akarudi nyumbani. Hakupona kabisa, ila alipata nafuu ambayo dawa zilishindwa kumpa.

Sisi huku? Titresheni (kupima asidi kwa kudondoshea besi) ileile ya fomu siksi, bureti moja watu kibao, mmoja anafungua koki wengine wananakili, namba zikigoma watu wanapika data mradi grafu inyooke. Na aliyepika vizuri anampita maksi yule aliyeandika alichokiona! Hapo ndo panaponiuma, maana huyo kesho ndo anapima dawa na maji ya watu.

Hela? Kusoma jeni ni ghali kweli, lakini darasa zima linaweza kupeleka faji mmoja tu, agari (jeli ya kuoteshea bakteria) na inkubeta vyuo vingi vya sayansi vinavyo. Kigumu zaidi ni mhadhiri mmoja kusahihisha ripoti mia mbili zisizofanana, hilo nakubali, ndo maana nasema zifutwe hizo praktikali za kunakili na wanafunzi wa masta walipwe kusimamia vikundi.

Wahadhiri, hapo mnakwama wapi?