MREJESHO: paua saplai ya volti 12 iliyokuwa inazima ikibeba mzigo

Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu paua saplai (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa DC) inayotoa volti 12 safi kabisa bila mzigo, ila ukiunganisha kitu inashuka, inazima, inawaka tena. Imepona!

Tatizo lilikuwa kapasita (kile kifaa kinachotunza chaji na kulainisha umeme) ya upande wa kutolea, ya 1000 µF. Multimita ilisoma karibu 900 kwahiyo ungesema nzima, na haijavimba hata kidogo, lakini mdau mmoja alisisitiza nipime ESR, yaani ukinzani wake wa ndani, nikapata mita ya ESR ambayo inapima kwa mawimbi ya kama 100 kHz na hapo ndo ikaonyesha zaidi ya omu 3 wakati nzima inatakiwa iwe chini sana ya omu 1. Aisee hiki kipimo kinastahili heshima zaidi! Nimeweka mpya ya ESR ndogo, inayostahimili joto la nyuzi 105, nikaangalia kwa osiloskopu (mashine inayochora umbo la umeme), mawimbi yaliyobaki juu ya umeme wa DC ni madogo tu hata ikiwa na mzigo.

IC, yaani chipu inayoendesha saplai, sijaigusa. Na mkifungua hizi, kapasita kubwa ya upande wa umeme wa 230V inabaki na kama volti 325 hata ukishachomoa, itoeni chaji kwa rezista, sio bisibisi jamani.