Jicho la jahazi, twiga au siwa: nembo ipi ilifae shirika la ndege la kubuni?

Mchoraji wa Mkomani
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninaandaa utambulisho wa shirika la ndege la kubuni liitwalo Matlai, lenye makao Malindi na ndege za Cessna Caravan zinazotua Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu. Nimebakiwa na michoro mitatu: jicho linalochorwa kwenye omo, yaani sehemu ya mbele ya jahazi, twiga ambaye Malindi ilimpelekea mfalme wa China mwaka 1415, na siwa, yaani baragumu la sherehe. Ninaelekea kwa twiga, kwa kuwa kisa chake ni cha safari ya mbali. Naomba mnilinganishie kabla sijachagua rangi na herufi.

Bint Shela
Wa alaykum salaam, kaka. Kisa ni kizuri, ila twiga ni alama ya Air Tanzania tangu zamani. Abiria hatasoma historia pale uwanjani. Ataona shingo ndefu na kudhani ndege inakwenda Dar es Salaam.

Mzee wa Langoni
Siwa nayo iache, mwanangu. Ilipigwa kwenye arusi na shughuli kubwa za waungwana, na ile ya shaba iliyomo katika makumbusho ya Lamu uzuri wake wote umo katika nakshi, ambazo zikipunguzwa zitoshe kwenye kadi ya kupandia ndege zitakuwa doa tu.

Fundi wa Matondoni
Nakubaliana na Mzee, na ningependa kulitetea jicho kwa sababu za kazi kuliko za mapenzi ya kwetu. Duara lenye kiini halipotezi umbo likiwa dogo, na kwa kuwa jahazi huwa na jicho kila upande wa omo, halikulazimishi kuamua mchoro uelekee wapi, jambo ambalo twiga angekusumbua nalo, maana kichwa chake kingepaswa kutazama mbele pande zote mbili za mkia. Tazama korongo wa Lufthansa aliyechorwa na Otto Firle mwaka 1918: mwaka 2018 shirika liliondoa rangi ya manjano mkiani, na korongo yule akatambulikana vilevile, kwa sababu aliishi katika mistari.

Sasa iangalie Caravan yenyewe. Bawa liko juu, hivyo ubavu uko wazi isipokuwa pale nguzo ya bawa inapoukata. Jina lisipite hapo. Bomba la moshi liko upande wa kulia, chini ya pua, na masizi yake hurudi nyuma yakichafua tumbo. Ukipaka sehemu hiyo nyeupe, wasafishaji watakulaani kila jioni. Juu acha nyeupe, kwani huakisi jua. Chini weka rangi nzito, na jicho lipande juu ya pua, mbali na masizi.

Mchoraji wa Mkomani
Shukrani, fundi. Je, rangi hiyo nzito iwe buluu ya bahari?

Bint Shela
Hapana, kaka. Ndege ya buluu juu ya bahari na chini ya mbingu haionekani kutoka gatini, na anayevuka kwa boti kutoka Manda kuja mjini ndiye mtazamaji wako wa kila siku. Mimi ningechukua wekundu wa gome la mkoko.

Fundi wa Matondoni
Wekundu sawa, lakini kwanza lichapishe jicho kwa wino mweusi, upana wa sentimita moja, umwonyeshe mtu asiyejua unachora nini.