Nina laki tatu na nusu, nataka kufungua genge Chamazi. Nifanyeje nisirudie ya maandazi?

Swali

Habari zenu wadau, na wakubwa wote shikamooni. Mimi ni dada wa miaka 26, naishi Chamazi, Mbagala. Mwaka jana nilichoma maandazi kila alfajiri kwa miezi minne. Saa tatu asubuhi ndoo tupu, watu wananisifia, lakini mwezi wa nne ulipoisha nikashindwa kununua ngano. Hadi leo sijui pesa ilikwenda wapi. Sikuibiwa.

Sasa nimevunja kibubu nikakuta 350,000, na jirani amenipa nafasi mbele ya nyumba yake kwa 15,000 kwa mwezi. Nataka kuuza nyanya, vitunguu, nazi, dagaa na mchicha. Siulizi habari za mkopo. Nauliza mambo ya kila siku, yale ambayo mwenye genge anayafanya na mpita njia hayaoni.

Mama wa genge, Kimara

Marahaba mwanangu. Mimi nina genge mwaka wa 11 sasa, nimesomesha watoto wawili kwa nyanya.

Pesa ya maandazi mliila nyumbani, na sikulaumu, maana yangu ya mwaka wa kwanza iliondoka hivyo hivyo. Sukari ya chai inatoka kwenye mfuko wa biashara, umeme wa luku ukiisha unachota kwenye kopo la mauzo, mtoto akilia anapewa andazi. Kwenye genge ni rahisi zaidi, kwa sababu mboga ya jioni iko mbele yako. Nyanya tatu, kitunguu na nazi moja tuseme ni 1,500. Kwa siku 30 ni 45,000, yaani kodi yako ya miezi mitatu. Mimi nanunua kwenye genge langu kama mteja mwingine: natoa pesa kwenye pochi yangu, naitia kwenye kopo, ndiyo nachukua nyanya. Watoto wangu wanajua hivyo.

La pili ni kuoza. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapofia. Siku moja nilinunua tenga la nyanya 32,000, kirikuu, kile kigari cha mizigo, nikalipa 4,000, jumla 36,000. Nikapanga mafungu 90 ya shilingi 500, nikajua nina 45,000 mkononi. Siku ya tatu mafungu 14 yalikuwa maji. Niliuza 76, nikapata 38,000. Siku tatu juani, faida 2,000! Tangu siku hiyo tenga likifika tu nachambua kabla ya kupanga chochote. Zilizoiva sana zinauzwa leo, zenye wekundu wa kuanza naziweka chini kivulini, na zilizobonyea nauza masalo kwa mama lishe siku hiyo hiyo, hata kwa bei ya kutupa. Masalo ya leo ni pesa, ya kesho ni inzi. Masika uwe mwangalifu zaidi: nyanya zinapanda bei na hazikai.

Halafu nunua daftari. Kila usiku naandika nilichouza, kilichooza, na kile nilichoulizwa nikakosa. Hiki cha mwisho ndicho kilichonikuza. Wiki moja niliandika watu tisa waliotaka mafuta ya kupima, wote baada ya saa kumi na mbili jioni. Nikanunua dumu la lita tano. Mtu akija kwa mafuta anaondoka na kitunguu na nyanya pia.

Muuza viazi karai, Mombasa

Dada, yangu ni moja tu. Weka laini ya simu ya biashara peke yake. Mimi nauza Mwembe Tayari, na zamani wateja walikuwa wakinilipa kwa laini yangu ya nyumbani, ambayo nilikuwa nimekopea. Kila pesa ya viazi ikiingia, inakatwa deni. Jioni nahesabu karai limekwisha na simu haina kitu. Nilipotenganisha ndipo nilipojua biashara yangu ilikuwa na faida siku zote.

Mkazi wa Tabata

Mimi naongeza: usikopeshe mtu yeyote. Kukopa harusi, kulipa matanga. Tundika kibao siku ya kwanza.

Mama wa genge, Kimara

Kaka yangu wa Tabata, dukani labda, lakini genge la mtaani sikubaliani. Mteja wangu anapokea mshahara mwisho wa mwezi, na tarehe 20 watoto wake wanakula pia. Nikimfungia leo, mshahara ukitoka ataupeleka kwa aliyemsitiri. Ninachofanya ni kuweka kikomo: deni lisizidi 3,000, linaandikwa yeye akiona, na hapati la pili kabla ya kulipa la kwanza. Deni kubwa ndilo baya. Mtu akifika 15,000 anaanza kupita njia ya nyuma akikwepa genge lako, na hata pesa taslimu anakwenda kununulia kwingine. Hapo umepoteza deni na mteja pamoja.

Muuliza swali

Asante sana mama, hiyo ya kopo imenigusa, ndivyo nilivyokuwa nafanya kabisa. Nimenunua daftari leo. Kesho kutwa nakwenda soko la Ilala. Kwa mtaji wangu, tenga la kwanza nichukue zima?

Mama wa genge, Kimara

Hapana mwanangu, chukua nusu. Wenye magenge wanaotafuta wa kugawana naye utawakuta pale pale asubuhi, uliza tu. Nenda mapema, kabla jua halijapanda. Na usilipe kwa kuangalia juu, juu hupangwa zile nzuri. Mwambie muuzaji alimimine uone za katikati na za chini. Akikataa, nenda kwa mwingine.